Vichwa vya Changu wa Mkokotoni

"Kufuli! Friza ya mtaa mzima siku hizi inatiwa kufuli! Kwani ndani umeweka maiti, Tabia, au umeweka dhahabu?"

"Nimeweka vyangu. Na mwenye chake akakiweke kwake."

"Kwake wapi? Hujui kama friza yangu imekufa tangu mfungo sita?"

"Basi izike."

Kichochoro chote cha Kiponda kilikuwa kimeshatoa vichwa madirishani. Bi Salhiya alikuwa juu, ghorofani kwake, kifua chote nje ya dirisha, mkononi kashika mfuko unaochuruzika maji. Bi Tabia alikuwa chini, mlangoni kwake, mikono kiunoni, funguo kazifunga kwenye pindo la kanga. Muuza kahawa alikuwa ametua birika lake na kuacha kuuza. Habari ya bure haipatikani kila siku.

Inspekta Riyama Ame alizima vespa yake akaiegemeza ukutani. Alikuja kwa kazi, na kazi yenyewe ilikuwa na Bi Tabia, lakini hakuwa na pupa. Alikulia katika nyumba ya wanawake saba na ukumbi mmoja, na alijua kwamba majirani wakigombana husema katika pumzi moja mambo ambayo kituoni ungeyatafuta mwezi mzima.

"Na pweza wangu je?" Bi Salhiya akaendelea. "Kaliwa humo humo, kwenye hitima ya marehemu mama yako, wala sikusema neno!"

"Sikukulipa?"

"Umenilipa nini? Mie niliweka jike, laini, la kupika kwa nazi. Umenirudishia dume zima! Nimelipiga mpaka mkono umevimba, nimelichemsha mpaka gesi imekwisha, bado kama mpira wa gari!"

Watu wakaangua kicheko. Muuza kahawa akasema, "Mpira wa gari gani, Bi Salhiya, mbele au nyuma?" akatukanwa papo hapo.

"Nilikurudishia mkubwa kuliko wako," alisema Bi Tabia. Yeye hakucheka. "Kitu cha mtu kikikupotea mkononi, unarudisha kizuri zaidi. Ndivyo tulivyolelewa nyumba hii."

"Nani kakwambia nataka mkubwa? Mie nilimtaka wangu!"

Hapo ndipo Riyama alipopenya katikati. "Hodi, Bi Tabia. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mie Riyama, wa kituoni. Nna maneno mawili nawe."

Kichochoro kikanyamaza kama kimemwagiwa maji. Bi Tabia aliupapasa ule ufunguo wa kufuli kwenye pindo la kanga, halafu akasogea mlangoni kumpisha.

* * *

Kesi yenyewe ilianzia mbali na Kiponda. Mudrik, kijana wa ofisi ya utafiti wa samaki, alikuwa na kazi ya kwenda Mkokotoni kila mwezi, kuchukua changu kwa wavuvi waliotoka kuvua mkondo wa Tumbatu, kuwakata vichwa, na kuvileta vichwa mjini. Ndani ya kichwa cha samaki, karibu na ubongo, mna vijiwe viwili vyeupe. Mkuu wa maabara, Daktari Wanu, hukikata kijiwe, hukitia chini ya darubini, na huhesabu mistari yake. Mwaka mmoja, mstari mmoja. Wakionekana samaki wazee wengi, maana yake bahari inapumua. Wakionekana watoto watupu, maana yake watu wanavua upesi kuliko samaki wanavyokua.

Safari hii walionekana wazee, wazee wa kupindukia. Ofisi ikaandika kwamba changu wa Mkokotoni wamejaa tele, kiwango cha kuvua kipandishwe, na mashua mpya ziruhusiwe kuingia.

Habari ilipofika Mkokotoni wavuvi walicheka kwanza, kisha wakaacha kucheka. Changu wanaowatoa siku hizi hawajazi kiganja. Wakaja mjini na ndoo ya samaki wao, wakaimwaga juu ya meza ya kituo cha polisi, wakauliza, "Hao wazee mliowaona, wamevuliwa bahari gani?"

Hapo mdomo wa mji ukafunguka. Ikasemwa kwamba Abdulrazak, mfanyabiashara wa samaki wa Malindi aliyeomba vibali vya mashua, amemnunua Mudrik abadilishe vichwa. Mudrik akasimamishwa kazi. Faili lake lilikuwa njiani kwenda kwa mwendesha mashtaka, na kikao cha kupandisha kiwango kilikuwa kesho. Kijana alishikilia kwamba alivikata vichwa kwa mkono wake na kuvifikisha maabara kwa mkono wake, mpaka asubuhi hii, Riyama alipomkalisha mara ya tatu, ndipo akasema kweli: friza ya ofisi ilikuwa imeharibika, na vichwa alikwenda kuviweka kwa Bi Tabia wa Kiponda. Alificha kwa sababu sampuli hairuhusiwi kulala nje ya ofisi. Alificha jambo dogo, na lile dogo likamfanya aonekane mwongo katika kubwa.

* * *

Ukumbini kwa Bi Tabia palinukia udi wa jana. Friza ilikuwa pembeni, kubwa, nyeupe, na lile kufuli jipya likining'inia mbele yake.

"Mudrik alikuwekea mzigo," alisema Riyama.

"Aliniwekea."

"Mzigo gani?"

"Vichwa vya samaki, ndani ya kiroba. Akasema vya kazi. Mie sikumhoji. Huyu kijana namjua, mama yake Ummkulthum tumesoma naye chuo kimoja cha Kurani."

"Alikuja kuvichukua mwenyewe?"

"Alikuwa keshatumwa Jambiani kwa kazi nyingine. Akapiga simu kwamba atakuja dereva wa ofisi. Dereva akaja, nikampa."

"Kiroba kile kile?"

"Kile kile, wallahi. Cha unga, kina picha ya jogoo. Na kijikaratasi chake ndani kimeandikwa Mkokotoni."

"Ulikifungua?"

"Amana haifunguliwi."

Riyama alikitazama kikombe cha chai alichowekewa, hakukinywa. Kiroba cha unga hakionyeshi ndani. Mtu asiyekifungua hawezi kuijua karatasi iliyomo. Lakini kama alikifungua, kwa ajili ya nani? Mwanamke huyu hana mashua wala hajui kikao.

"Na kufuli hili limeanza lini?"

"Baada ya hitima."

"Kwa nini?"

"Sitaki tena kitu cha mtu nyumbani kwangu." Akainuka. "Adhuhuri inakaribia, mwanangu. Nna mchele sijauchagua."

Nje, Bi Salhiya alikuwa keshashuka, anajifanya anafagia mlangoni kwake. Alifagia mpaka akafika miguuni pa Riyama.

"Inspekta," alinong'ona, mnong'ono wa kusikika Darajani. "Mie si mtu wa maneno. Lakini muulize nani alimletea kikapu. Hamali wa Abdulrazak! Mchana kweupe! Kikapu kimefunikwa majani ya mgomba, kinanuka samaki. Nimemwona kwa macho yangu."

"Lini?"

"Watu hata viti vya hitima hawajarudisha."

Riyama akawasha vespa.

* * *

Banda la Abdulrazak lilikuwa Malindi, karibu na diko, pale vyombo vya wavuvi vinapotua. Mbele walikaa wanawake wanaochuna samaki. Minofu iliingia kwenye masanduku ya barafu kwenda mahotelini, mifupa na vichwa vikabaki kwenye mabeseni. Mwenyewe alikuwa mtu mwembamba, kanzu safi, anukia hal-udi katikati ya uvundo ule wote kama aliyeingia kwa makosa.

"Nilijua utarudi," alisema. "Karibu kiti."

"Nitasimama. Hamali wako alipeleka kikapu Kiponda, kwa Bi Tabia."

"Alipeleka."

Riyama alikuwa amejiandaa kwa kukana. "Ndani mlikuwa na nini?"

"Vichwa vya changu." Abdulrazak akacheka kidogo. "Mbona umenyamaza? Ungependa nikatae, najua. Mji mzima ungependa niwe mimi. Lakini vichwa nauza kila siku, kwa kila mwenye sufuria."

"Vya wapi?"

"Siku ile? Vya Mafia, maji makubwa. Vichwa kama nazi."

"Nani alikutuma umpelekee?"

"Alikuja mwenyewe. Na hapo ndipo nilipomshangaa. Alikaa pale," akaonyesha beseni, "akachagua kimoja kimoja, anakigeuza, anakitazama macho, anakirudisha. Mtu hamchagulii bintiye mume namna ile! Nikamwambia, Bi Tabia, supu haitaki vichwa vikubwa hivi, chukua vile vidogo, vitamu zaidi, na bei yake ndogo. Hataki. Akavihesabu, akavihesabu tena, kimoja kikazidi akanirudishia. Nikasema, amefiwa na mama yake juzi, tumwachie."

"Alikurudishia kilichozidi?"

"Kwa mkono wake."

"Na vibali vyako vya mashua?"

"Vibali nimeomba kabla kijana huyo hajaota ndevu. Nikipewa nitavua, nisipopewa nitanunua kwa wanaovua. Sasa niambie, Inspekta, mtu mwenye akili anapeleka rushwa kwa hamali anayejulikana mji mzima, tena mchana, tena kwa kupita chini ya dirisha la Bi Salhiya?"

Riyama aliyaandika yote, hilo la mwisho akalipigia mstari.

Alisimama karibu na beseni akiwatazama wanunuzi. Mama mmoja aliteka vichwa kwa mikono miwili, akavitia kikapuni, akaenda zake. Wa pili hivyo hivyo. Hakuna aliyehesabu. Mpishi wa supu hukisia kwa sufuria. Anayehesabu vichwa, na kurudisha kilichozidi, hapiki, analipa. Na anayelipa, akakataa vidogo, akatafuta vikubwa mpaka vya Mafia...

Riyama alikumbuka dume la pweza lililokataa kuiva, akageuza vespa.

* * *

Bi Tabia alikuwa mkekani, ungo wa mchele mapajani. Alipomwona Riyama anaingia mara ya pili, safari hii bila hodi, mkono wake ulisimama juu ya ungo.

"Bi Tabia, kiroba cha jogoo hakionyeshi ndani."

Bi Tabia aliokota chuya moja, akaitupa.

"Vichwa vya Mudrik vililiwa."

Mama yule aliuweka ungo chini, taratibu, kama kitu cha kuvunjika.

"Siku ya hitima wapishi walikuja na masufuria yao," alisema. "Friza ilikuwa wazi, kama kila siku. Mie nilikuwa humu na msahafu. Katika msiba nani anauliza hiki cha nani? Walichukua walichokiona. Nilipofika uani, supu ilishateremshwa, na kile kiroba kitupu kimetundikwa msumarini, karatasi yake kwenye beseni la maganda."

"Ukanyamaza."

"Ningesema nini, Riyama? Watu wamekaa, wanakunywa, wanamwombea mama. Nisimame niwaambie, mnakunywa amana ya mtu? Nikasema nitalipa kabla mwenyewe hajajua. Nikilipa, kile chakula kitakuwa changu, na thawabu za mama yangu zitamfika. Nikalipa, tena kwa bora. Vichwa vile vya kijana vilikuwa vidogo, wapishi wenyewe walivicheka, wakasema hivi kavipata wapi, kwenye dimbwi? Nikatafuta vikubwa. Karatasi nikaikausha, nikairudisha ndani, nikafunga kamba vile vile kama alivyofunga yeye."

"Mudrik hakutaka vichwa vya kula."

"Alivitakia nini?"

"Umri wao. Mna vijiwe ndani, vinahesabiwa miaka. Vile vidogo vilikuwa vya watoto, na ofisi ilitaka kujua kama Mkokotoni wamebaki watoto watupu. Wewe umewapa wazee wa Mafia na karatasi ya Mkokotoni. Wamevisoma, wakasema bahari imejaa. Kesho wanaruhusu mashua zaidi."

Bi Tabia alimkodolea macho. "Basi mie ndiye niliyeijaza bahari?"

"Kwa makaratasi."

"Na Mudrik..."

"Mudrik anaambiwa kala rushwa. Mama yake hatoki nje."

"Nalisikia hilo. Nikajiambia ni mambo ya ofisini, wenye ofisi wanajua wenyewe." Akaufuta mdomo kwa pindo la kanga. "Hapana. Sitakudanganya, na adhana inaadhiniwa. Nilijua yapo mahali yanagusana. Sikutaka kujua wapi."

Walingoja adhana imalizike. Kisha Riyama akatoa karatasi za maelezo, akaandika, akamsomea neno kwa neno. Bi Tabia aliishika kalamu akakaa nayo.

"Nikitia saini hapa, mtaa mzima utajua walikula nini."

"Watajua."

"Na hitima ya mama itahesabiwa nini?"

"Hilo si la polisi, Bi Tabia."

Alitia saini. Kalamu aliibana mpaka karatasi ikatoboka.

Riyama alimpigia Daktari Wanu palepale ukumbini. Upande wa pili ilisikika sauti ya mtu anayekaa kitini.

"Kwa hiyo hatujui kitu," alisema Daktari Wanu. "Mwezi mzima wa Mkokotoni umekwenda na supu."

"Kikao?"

"Nitakizuia. Na barua ya Mudrik nitaiandika leo leo. Ila nikwambie, Inspekta, hapa si pa kufurahi. Itabidi tukachukue wengine. Na kama ni watoto watupu, kama hao wapishi walivyocheka, basi swali si kupandisha tena. Itabidi mkondo ule ufungwe, pengine miaka. Na watakaofungiwa ni wale wale waliokuja kushtaki na ndoo yao."

"Wanajua hilo?"

"Sijui kama wanajua. Mimi nitakwenda kuwaambia." Simu ikakatika.

Bi Tabia alikuwa keshavaa buibui. "Nipeleke kwa Ummkulthum," alisema. "Nikisubiri mpaka alasiri, sitakwenda."

Walipofungua mlango walimkuta Bi Salhiya amekaa barazani, chini ya dirisha la ukumbi lililo wazi, buibui mwilini na ufagio mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimesikia," alisema. "Nisikiapo nasikia, sina la kufanya. Supu ile mie nilikunywa bakuli mbili, Tabia, na la tatu nikachukua nyumbani. Huendi peke yako."

"Si umenikasirikia?"

"Nimekasirika. Twende."

* * *

Nyumba ya Ummkulthum ilikuwa Miembeni, mlango wa bati la kijani, uani kamba ya nguo. Harufu ya wali wa nazi ilijaa mpaka njiani. Jirani wawili waliokuwa kivulini walinyamaza walipomwona Riyama, wakatazamana kwa jicho la "haya, wamekuja kumchukua."

Ummkulthum alitoka mwenyewe. Alikuwa amekonda. Nyuma yake, mlangoni, alisimama Mudrik na shuka yake, uso wa mtu asiyelala.

"Inspekta, unamchukua?" aliuliza mama.

"Simchukui. Jambo limebainika, na halikuwa lake. Mwenyewe atalisema."

Bi Tabia alisogea mbele. Hakungoja kukaribishwa, na hakupunguza sauti; wale jirani wa kivulini walisikia kila neno. Alisema vichwa vililiwa kwenye hitima ya mama yake. Alisema alilipa vingine. Alisema alisikia kijana anachafuliwa jina, akanyamaza. Kisha akamgeukia Mudrik.

"Nakuomba unihalalishie, mwanangu. Mie, na marehemu, na wote waliokula."

"Nami nimo," alisema Bi Salhiya nyuma yake.

Mudrik alimtazama mama yake, akamtazama Riyama.

"Bi Tabia, vichwa havikuwa vyangu," alisema mwishowe. "Vya serikali. Siwezi kukuhalalishia kisicho changu."

"Basi kilicho chako."

"Changu ni jina." Akaikaza shuka yake kiunoni. "Hilo sijui, Bi Tabia. Leo sijui."

Akageuka akaingia ndani. Bi Tabia alibaki uani. Wale jirani walikuwa wamesimama sasa, shingo zimerefuka.

Ummkulthum aliwatazama wale jirani kwanza, mmoja mmoja, mpaka wakarudi kukaa. Halafu akamtazama Bi Tabia, miguu yake yenye vumbi la njia yote kutoka Kiponda.

"Tangu haya yaanze," alisema, "hakuna mtu aliyevua viatu mlangoni kwangu. Wanapita, wanasalimu kwa mbali kama hapa pana ndui." Alilisukuma lile bati la kijani likafunguka lote. "Vua viatu, Tabia. Nawe Salhiya, weka ufagio huo chini. Wali ushaiva. Ingieni mle."